Maswali Yenu: Deni la Vita ya Uhuru wa Marekani Lililipwa na Nani?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Shuleni tulifundishwa Wamarekani walimkataa Mwingereza sababu ya kodi, sasa juzi nasoma kwamba mwaka 1794 George Washington mwenyewe alitoa jeshi kwenda kuwanyoosha wakulima waliogoma kulipa kodi ya wiski. Imekuwaje tena? Na wale askari waliopigana vita ya uhuru wao walilipwa lini hela zao?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Umeuliza mawili ila kiini chake ni kimoja, maana kodi ya wiski ililetwa na deni, na sehemu kubwa ya hilo deni ni mishahara ya hao hao askari unaowauliza.

Vita inaisha 1783 serikali haina kitu. Kongresi, yaani bunge la wakati ule, haikuruhusiwa kutoza kodi, ilikuwa inayaomba majimbo na majimbo yanatoa yakijisikia, na noti walizochapisha wakati wa vita zilikuwa zimeshaporomoka hadi hakuna mtu anazitaka. Kwahiyo askari wengi walirudi makwao na karatasi tu, hati ya kusema wewe unaidai serikali, utalipwa siku ikipata. Sasa mtu amerudi shambani, ana madeni, jimbo nalo linataka kodi kwa sarafu ya fedha na hiyo hati yake hawaitaki, atafanya nini? Anaiuza. Madalali walikuwepo, walinunua kwa senti 15 au 20 kwa kila dola, saa nyingine chini ya hapo.

Massachusetts ndo ilikuwa balaa zaidi, watu walinyang'anywa mashamba na wengine wakafungwa kwa madeni, mpaka 1786 wakulima wa magharibi wakabeba silaha wakaenda kuzifunga mahakama zisisikilize kesi. Mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa kapteni kwenye vita ya uhuru, alipigana Bunker Hill. Januari 1787 walijaribu kuteka ghala la silaha la Springfield, wakapigwa mizinga, wanne wakafa. Jeshi lililowasambaratisha baada ya pale lililipwa kwa hela walizochanga matajiri wa Boston. Hilo tukio liliwatia hofu wakubwa wa nchi nzima, na miezi michache baadae wako Philadelphia wanaandika Katiba mpya inayoipa serikali kuu nguvu ya kutoza kodi.

Hapo anaingia Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza. Januari 1790 akapeleka mpango wake Kongresi: hati zote zibadilishwe ziwe dhamana mpya za serikali (hati za mkopo) zenye riba, na anaelipwa ni yule anaeishika hati sasa hivi, sio aliyepewa mwanzo. Kongresi ilikuwa inakaa New York, habari za mpango zinatoka bungeni zinafika kwa madalali siku hiyo hiyo, wakati mashambani huko kusini zinachukua wiki. Mbunge James Jackson wa Georgia alisimama akalalamika kwa uchungu kwamba ndani ya wiki mbili meli tatu zimeshang'oa nanga hapo bandarini zimejaa hela za kwenda kununua hati kwa watu ambao hawajasikia kitu. Yani askari anaiuza karatasi yake kwa bei ya kutupa, na aliyeko mbele yake anajua kabisa kuna mpango wa serikali kuilipa.

James Madison, mbunge wa Virginia, alipendekeza njia ya kati, dalali apewe bei ya juu ya sokoni na kinachobaki kirudi kwa askari wa mwanzo. Wakapiga kura Februari 1790, akashindwa 36 kwa 13. Hamilton alikuwa na hoja, lazima niseme, kwamba karatasi ya serikali ikianza kuulizwa ilitoka kwa nani hakuna mtu ataikopesha tena nchi hiyo, na rekodi za wamiliki wa mwanzo zilikuwa vurugu. Lakini mimi kila nikiisoma hii habari namuona Madison ndie aliyesema haki, kushindwa kwake kunaniuma mpaka leo.

Hamilton akaongeza na madeni ya majimbo, serikali kuu iyabebe, Virginia wakagoma maana wao walikuwa wamelipa sehemu kubwa ya lao, mpaka yakafanyika makubaliano nyumbani kwa Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, kwenye chakula cha usiku kwamba makao makuu ya nchi yahamie mto Potomac, mpakani mwa Virginia. Haya, deni limekubaliwa, riba italipwa na nini? Ushuru wa forodha hautoshi, 1791 ikapitishwa kodi ya wiski.

Magharibi mwa Pennsylvania wiski haikuwa starehe tu. Kuvusha nafaka milima ya Appalachia ni hasara, farasi anabeba kidogo, ila ukishaigeuza wiski farasi yule yule anabeba mali ya maana, na sarafu zilikuwa adimu kiasi kwamba hata kibarua analipwa wiski. Kodi ikataka taslimu. Wenye mitambo mikubwa walipata nafuu kwa kila galoni, mdogo anaumia, na ukishtakiwa unaitwa mahakamani Philadelphia, kama maili 300 huko. Julai 1794 wakaizingira nyumba ya mkaguzi wa kodi John Neville wakaichoma, na kiongozi wao James McFarlane aliyepigwa risasi akafa pale alikuwa mwanajeshi wa vita ya uhuru. Neville nae alikuwa jenerali wa vita hiyo hiyo. Washington akatoa watu karibu 13,000, walipofika hamna wa kupigana nae, wawili wakahukumiwa kwa uhaini na yeye akawasamehe.

SWALI: Jefferson alivyoshinda urais 1800 si alifuta kila kitu cha Hamilton?

JIBU: Hapana kaka, sio kila kitu. Kodi ya wiski ndio, ilifutwa 1802, na waziri wake wa fedha Albert Gallatin alitokea huko huko magharibi mwa Pennsylvania. Gallatin alilipunguza deni toka dola milioni 83 hivi mpaka karibu milioni 45 kufikia 1812. Ila benki ya taifa ya Hamilton waliiacha mpaka muda wake ulipoisha 1811, na 1803 waliponunua Louisiana kwa Ufaransa kwa dola milioni 15, kiasi cha milioni 11 na robo kililipwa kwa dhamana za serikali, na dhamana hizo zilipokelewa Ulaya sababu ya heshima ya mikopo aliyoijenga Hamilton. Ardhi yenyewe ilikuwa inakaliwa na mataifa ya Wahindi Wekundu ambao hakuna aliyewauliza, na sehemu kubwa ya kusini yake ikaja kulimwa pamba kwa mikono ya watumwa.

SWALI: Maskini walipiga kura lini?

JIBU: Inategemea jimbo, mengi yaliondoa sharti la mali taratibu mpaka miaka ya 1820 na kuendelea, kwa wanaume weupe. New Jersey wanawake wenye mali walikuwa wanapiga kura mpaka wakanyimwa 1807. New York mwaka 1821 walimfutia mzungu sharti la mali, mwanaume mweusi wakamwekea lazima awe na mali ya dola 250.