Uliza Fundi: Msumeno unanijia

SWALI: Shikamoo fundi. Karakanani tuna msumeno wa rediali, ule ambao mota na bledi vinaning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza, nawe unavuta kuja kwako. Nikikata ubao mnene unanijia kwa kasi. Wenzangu wanasema nitazoea. Kinga ya chini nayo wameivua, eti inaficha mstari.

JIBU: Marahaba. Usizoee! Meno ya chini ya bledi huzunguka kwenda nyuma ya meza, kwa hiyo yaking'ata ubao mnene bledi hutaka kuupanda kama tairi, na upande inaokimbilia ni tumboni kwako.

Chomoa waya wa umeme. Sukuma kichwa cha mashine, yaani mota na bledi yake, hadi katikati ya mkono, kisha kiachie. Kikitulia hapo au kikiteleza mbele, mashine imelala vibaya. Nyanyua miguu ya mbele kidogo kidogo mpaka kichwa kirudi nyuma chenyewe, polepole. Ukizidisha kitarudi kwa kishindo na kuruka tena mbele. Na unyanyue mashine nzima, si mkono peke yake, maana meza na mkono visipokuwa sambamba mkato utakuwa na kina huku na kule juujuu. Halafu funga kizuizi cha safari, bledi isivuke ukingo wa meza.

Tazama na bledi yenyewe. Nashuku mmefunga ya msumeno wa meza, ule ambao bledi huchomoza kutoka chini ya meza; bledi hiyo mara nyingi meno yake yamelalia mbele nyuzi 15 hadi 20. Hapa inatakiwa ya nyuzi sifuri, au yenye meno yaliyolalia nyuma kama nyuzi 5. Kasi ya kukujia itapungua sana. Hata hivyo, unapovuta kaza mkono wako, na ule unaoshika ubao ukae sentimita 15 au zaidi kutoka njia ya bledi.

Kinga irudishwe leo. Kanuni za usalama kazini za Marekani, kwa mfano, zinataka kofia ifunike sehemu yote ya juu ya bledi, na kinga ya chini, ile ya pembeni mwa bledi, ijipandishe yenyewe kufuata unene wa ubao. Hiyo hoja ya mstari ni uvivu tu: bledi imeshachonga mwanya kwenye ubao wa kuegemezea kule nyuma. Linganisha alama yako na mwanya huo kabla ya kuwasha.

Kupasua ubao kwa urefu wake, kama mna msumeno wa meza, kafanyieni huko.