Mnunuzi Mgeni Aambiwe Ukweli Kabla ya Kuoneshwa Kiwanja

Mgeni anapofika Mwanza kwa mara ya kwanza na kuona jinsi nyumba za Capri Point na Isamilo zilivyokaa juu ya miamba, ziwa likiwa limetanda chini yake, swali lake la kwanza kwa dalali huwa ni bei. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa najibu swali hilo hilo, kisha nampakia mteja kwenye gari na kumzungusha kuanzia Bwiru hadi Luchelele. Siku hizi simwoneshi mgeni kiwanja chochote kabla sijakaa naye na kumweleza kwa utulivu kile ambacho sheria ya nchi yetu haimruhusu kukipata. Utaratibu huu umenipotezea wateja, lakini sijutii, kwa sababu ninaijua vizuri hasara niliyoshiriki kuisababisha nilipokuwa siufuati.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa mujibu wa kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, mtu asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Maana yake ni kwamba mgeni anayetaka kiwanja ili ajenge nyumba yake ya kuishi na kuzeekea hawezi kukimiliki, hata awe na fedha kiasi gani na hata awe ameishi nasi miaka mingi. Kampuni ambayo hisa zake nyingi zinashikwa na wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni. Hapa Kanda ya Ziwa watu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba Mkenya na Mganda nao wamo katika kundi hilo, kwa kuwa wanadhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshalimaliza jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja iliacha suala la ardhi kwenye sheria za kila nchi.

Hapo ndipo linapoingia pendekezo ambalo kila dalali wa mji huu amewahi kulisikia, na wengine wetu tumewahi kulitoa: "Tutumie jina la mzawa." Mwaka 2012 nilimpata mteja, fundi mitambo wa kigeni aliyekuwa akifanya kazi migodini, ambaye alilipenda eneo la Luchelele na kutaka kustaafu hapo. Tukakubaliana kwamba kiwanja kiandikwe jina la dereva wake, kijana mwaminifu kweli kweli, na pembeni wakaandikiana mkataba kwamba mwenye mali hasa ni yule mgeni. Nyumba ikajengwa, nzuri, yenye baraza inayotazama ziwa. Mimi nikapokea kamisheni yangu nikaona nimefanya kazi ya maana.

Miaka minne baadaye dereva akaugua na kufariki dunia. Niliitwa kwenye kikao cha familia baada ya arobaini, tukaketi kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, na mjane akatoa bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Ndani yake mlikuwa na hati yenye jina la marehemu mume wake, risiti za kodi ya pango la ardhi zenye jina hilo hilo, na picha ya ukubwa wa pasipoti. Hakuwa mwizi wala mwenye tamaa. Mumewe hakuwahi kumweleza habari za mkataba wa pembeni, na watoto wake watatu walikuwa wanasubiri mirathi ya baba yao. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, wewe ndiye uliyewapatia kiwanja. Hiki ni cha nani?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu jibu la sheria lilikuwa upande wake: mkataba wenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili, na mgeni yule hakuwa na karatasi ya kuwasilisha mahakamani isiyomshtaki yeye mwenyewe. Aliondoka nchini bila nyumba na bila fedha zake. Kamisheni nilimrudishia, lakini ilikuwa kama tone katika ziwa ukilinganisha na alichopoteza, na uhusiano wa familia ile na watu waliokuwa wakimheshimu marehemu haukurudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaofanya kazi hii, mteja akikutamkia habari za jina la mzawa, simamisha mazungumzo hapo hapo. Mweleze njia zilizo wazi. Kama anahitaji mahali pa kuishi, apange, na mkataba wa upangaji uandikwe vizuri: muda, namna ya kuuhuisha, nani anayetengeneza paa likivuja, na nini kitatokea mwenye nyumba akiuza. Nina wapangaji wa kigeni Isamilo ambao wamekaa katika nyumba moja kwa miaka mingi kwa amani, kwa sababu mkataba ulijibu maswali hayo mapema. Kama nia yake ni uwekezaji, mathalani kujenga nyumba za kupangisha, aende kwenye mamlaka inayohusika. Hiyo zamani ilikuwa Kituo cha Uwekezaji, TIC, na tangu mwaka 2025 ni TISEZA, yaani Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi, baada ya kuunganishwa na EPZA, iliyokuwa ikisimamia maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Mamlaka hiyo ndiyo inayoshika hati, na mwekezaji hupata haki inayotokana na hati hiyo kwa muda maalumu. Ipo pia njia ya ubia, ambapo raia mwenye ardhi huingiza sehemu ya haki yake katika mradi ulioidhinishwa. Njia hizi ni ndefu, na mteja aambiwe mapema kwamba ni ndefu, ili asije akadhani wewe ndiye unayemchelewesha.

Jambo la pili ambalo wageni hulipenda kuliko yote, na ndilo lenye mtego mkubwa zaidi kwenye mwambao wetu, ni kiwanja kinachogusa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nimejifunza kutembea na tepu ya kupimia kwenye gari. Siku moja kule Igombe nilikuwa na mwekezaji aliyekwishachora ramani ya nyumba sita, nikamwomba mzee aliyekuwa akiuza atuoneshe mpaka wa maji. Nilimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", tukaongea kidogo, kisha akatupita pale mawimbi yalipokuwa yakiishia, akapanda juu hadi kwenye mwamba mmoja na kuweka kiganja chake juu ya mstari mweupe uliokuwa usawa wa kiuno chake. "Mwanangu, mwaka 2020 maji yalifika hapa," akasema, "na mitumbwi tuliifunga kwenye ule mpapai." Tulipopima mita 60 kutoka kwenye mwamba ule, kilichobaki kwa ajili ya kujenga kilitosha nyumba mbili tu. Maji yalipanda tena mwaka 2024, na nilipopita hapo nilimshukuru mzee yule moyoni. Ushauri wangu ni kwamba usipime kutoka mahali maji yalipo siku mnayotembelea, hasa wakati wa kiangazi. Waulize wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa, maana wao wanajua ziwa lilifika wapi.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, naulizwa zaidi kuhusu maeneo ya upande wa Sengerema na Misungwi. Mengi ya maeneo hayo ni ardhi ya kijiji, ambayo haiwezi kwenda kwa mwekezaji wa nje mpaka kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, kwa taratibu zake. Muhtasari wa serikali ya kijiji wenye mihuri mitatu hauleti uhamisho huo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Kanuni zilizoanza mwezi Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo tangazo lako na mkataba wako viwe kwa shilingi. Malipo yapite benki. Sisi mawakala tumo katika orodha ya watoa taarifa, yaani wanaotakiwa kuripoti miamala yenye shaka, chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, kwa hiyo mteja anayetaka kulipa kwa begi la noti hakupi urahisi wowote. Na kile tunachokiita "cha juu", yaani kumtajia mgeni bei moja na mwenye nyumba bei nyingine, kiachwe kabisa. Siku pande mbili zitakapokutana kwa wakili zitalinganisha, na jina lako litaisha pale mezani.

Limebaki suala la kutafsiri, ambalo naliona kuwa zito kuliko tunavyolichukulia. Mara nyingi wewe dalali ndiye mtu pekee anayeelewa lugha zote mbili, na una uwezo wa kuliacha neno moja likapotea bila mtu kujua. Mwaka juzi nilikuwa Nyegezi na mama mmoja mwenye kiwanja kikubwa ambaye alikuwa anaingia ubia na mwekezaji, na kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa: upekuzi wa hati ulikuwa safi, watoto wake wakubwa walikuwa wameridhia. Tulipokuwa tunaelekea kwenye gari mama akasema kwa Kiswahili, akitazama chini, "Mwambie kule nyuma, karibu na ule mkuyu, amelala baba yao." Hapakuwa na kaburi la saruji, ni mawe tu yaliyozungushwa. Nilijua kwamba nikitafsiri, mradi unaweza kuvunjika, na kwamba nikinyamaza, hakuna atakayenilaumu siku ile.

Nilitafsiri, neno kwa neno. Mwekezaji alisimama kimya, akaomba aoneshwe mahali penyewe, akavua kofia. Mazungumzo yalichukua wiki tatu zaidi na ramani ikachorwa upya, jengo la nyuma likisogezwa, na katika mkataba kikaingizwa kipengele kinachotenga eneo lile na njia ya kupitia kutoka barabarani. Kila Desemba mama huja na wajukuu zake kufyeka nyasi, na mlinzi huwafungulia geti bila kuwauliza.