Mapacha wangu wana kondo moja: maana yake nini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mimba ya wiki 12. Kwenye ultrasaundi nimeambiwa ni mapacha, wana kondo moja la nyuma, lakini kila mmoja ana chupa yake ya maji. Mama mkwe anasema wametoka upande wa mume wangu kwa sababu kwao mapacha ni wengi. Mapacha wanatungwaje hasa, na hilo la kondo moja ni la kuogopa?

Jibu: Marahaba dada, na hongera. Umefanya vyema kuuliza habari ya kondo, maana kwenye karatasi yako hakuna neno kubwa kuliko hilo.

Mapacha hutungwa kwa njia mbili. Ya kwanza, mayai mawili hupevuka katika mzunguko mmoja na kila yai likapata mbegu yake. Watoto hao ni ndugu kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja, ila wamekaa tumboni pamoja, na kila mmoja hujijengea kondo lake. Tabia ya kupevusha mayai mawili ndiyo inayorithiwa katika ukoo, nayo hujitokeza kwenye mwili wa mwanamke. Ukoo wa mumeo hauwezi kukupevushia wewe yai la pili. Anachoweza mumeo ni kumrithisha binti yake, na huyo akaja kuzaa mapacha.

Njia ya pili ni yai moja na mbegu moja, kisha kiinitete, yaani yai lililokwisha kupata mbegu na kuanza kukua, kikagawanyika. Wako karibu hakika ni wa njia hii. Hutokea takriban mara 3 hadi 4 katika kila uzazi 1,000, na kwa kawaida haifuati ukoo wowote, wako wala wa mumeo.

Kila kitu hapo hutegemea siku, zikihesabiwa tangu yai lilipopata mbegu. Kikigawanyika ndani ya siku 3 za mwanzo, kila upande hujitengenezea kondo na chupa yake. Ndiyo maana si sahihi kumwambia mzazi kwamba makondo mawili ni lazima watoto wasifanane. Kikigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, seli za kondo zimeshajitenga, kwa hiyo watoto hushirikiana kondo lakini chupa zinakuwa mbili. Hapo ndipo walipo wako, pamoja na karibu theluthi mbili ya mapacha wa yai moja. Kikichelewa zaidi ya hapo, hata chupa inakuwa moja, na kamba za vitovu zinaweza kusokotana. Baada ya siku ya 13 hivi mgawanyiko haukamiliki, wakazaliwa wakiwa wameungana.

Aliyekupima aliangalia mahali ambapo utando unaotenganisha chupa hukutana na kondo. Makondo yakiwa mawili yaliyogusana, nyama ya kondo hupenya katikati ya utando kama kabari. Likiwa moja, utando mwembamba husimama juu yake kama mguu wa herufi T. Alama hiyo husomeka vizuri kabla ya wiki ya 14, baadaye hufifia. Itunze hiyo picha, dada, uende nayo kila unapopimwa.

Je, ni la kuogopa? Ni la kufuatiliwa kwa karibu. Juu ya kondo moja mishipa ya watoto wote wawili huungana, na mara nyingi damu huenda na kurudi kwa usawa. Lakini katika mimba 10 hadi 15 kati ya 100 za namna hii, mtoto mmoja humpa mwenzake damu nyingi kuliko anayopokea. Mtoaji hukojoa kidogo, maji yake hukauka, na utando humgandia kama amefungwa ndani ya nailoni. Mpokeaji hukojoa sana, chupa yake hufura, na moyo wake huelemewa. Ikigundulika mapema, mishipa hiyo huzibwa kwa leza mtoto akiwa bado tumboni.

Kwa hiyo kuanzia wiki ya 16 unahitaji ultrasaundi kila baada ya wiki 2, hata kama unajisikia mzima. Tumbo likikua ghafla ndani ya siku chache, likabana, au ukashindwa kupumua vizuri ukilala, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kila unapopimwa, uliza mambo mawili: maji katika kila chupa yana kina gani, na je, kibofu cha kila mtoto kinaonekana?