Vidonda vya vidole, rejista ya nini tena?

SWALI: Daktari salaam, niko Kabale, nina skleroderma, ngozi ya mikono imekaza na ncha za vidole zinatoka vidonda, baridi ya asubuhi ikinipiga vidole vinageuka vyeupe halafu bluu, hata kumenya matooke nashikia kisu kiganjani. Kliniki wanataka kuniandika kwenye rejista ya wagonjwa. Ni majaribio ya dawa?

JIBU: Pole sana mama. Hapana, kwenye rejista hupewi dawa mpya, unaendelea na matibabu yako yaleyale, wao wanaandika tu vidonda vingapi, kidole gani, umetumia dawa gani, kimepona au kimeoza, na wanarudia kila ukija. Ugonjwa huu ni adimu, daktari mmoja anaona wagonjwa wachache mno, ndo maana lazima kukusanya wa sehemu nyingi. Ulaya walianza rejista ya vidonda hivi, DUO, mwaka 2008, baada ya dawa iitwayo bosentan kuruhusiwa kwa vidonda hivi, na ikaandika wagonjwa zaidi ya 4,000. Bosentan yenyewe inapunguza vidonda vipya, cha zamani haiharakishi kupona.

Lakini rejista haithibitishi dawa gani ni bora, maana wanaopewa dawa kali mara nyingi ndo walikuwa wagonjwa zaidi. Mimi ningekushauri uingie, wa kwetu huku tumeandikwa kidogo mno, ila uliza kwanza nani ataona jina lako, na kukataa ni haki yako. Vaa glavu asubuhi, na kidole kikitoa usaha au kikiwa cheusi nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.