Picha ya Kupangwa ni Uongo?

SWALI: Niliona picha ya kiumbe mrefu aliyevaa gauni la takataka, amesimama kwenye dampo linalofuka moshi. Iliniuma sana. Baadaye nikaambiwa yule ni mwanamitindo na kila kitu kilipangwa. Kama dampo lipo kweli, kwa nini mpiga picha asilipige lilivyo?

JIBU: Ndugu yangu, kwa maelezo yako hiyo ni kazi ya mpiga picha Fabrice Monteiro, kutoka mfululizo wa picha alioanza mwaka 2013 nchini Senegal. Dampo ni Mbeubeuss, pale Dakar, na si la kuigiza. Gauni lilibuniwa na Doulsy kwa takataka. Kiumbe yule ni jini. Katika hadithi ya mfululizo huo, dunia imechoka, sasa inawatuma majini wake waje kutuonya. Dampo tupu tumeshaliona kwenye habari mara nyingi mno, jicho linapita tu. Jini akisimama juu yake, huwezi kupita. Wewe mwenyewe uliumia kabla hujajua lolote.

Mpiga picha mwingine, Nick Brandt, naye alichapisha picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha Kenya mahali walipokuwa wakizurura zamani, siku hizi pamejaa ujenzi na taka. Angeweza kuzibandika kwa kompyuta. Alizibeba hadi pale, akapiga picha watu wakiendelea na shughuli zao mbele ya tembo wa karatasi. Na Eric Pickersgill, Mmarekani, huwaomba watu wabaki walivyo, kisha anawatoa simu mikononi. Mke na mume kitandani, wamepeana migongo, kila mmoja anatazama kiganja kitupu. Ile ilinifanya nilaze simu yangu chumba kingine.

Kupanga peke yake hakutoshi, hilo nimelijua kwa kazi yangu. Niliwahi kupiga picha kumi na moja studio, watu wamevaa vinyago vya gesi, pazia jeusi nyuma. Nilikusudia kusema habari ya hewa chafu. Nilipozitandaza mezani nikaona ningeweza kuziandikia vita, ugonjwa, hata upweke, na zisingekataa. Vinyago nilivikodi, havikutoka kwenye moshi wowote. Nilibakiza moja tu, ambayo sikuipanga: dada mmoja amevua kinyago apumue, alama ya mkanda imemkaa shavuni.

Tangu hapo, nikiona picha ya namna hii huuliza kwanza kifaa kilichomo pichani kimetoka wapi. Pia huangalia kama mpiga picha amesema wazi kwamba amepanga. Akificha, akaiuza kama picha ya habari, hasira yako ni ya haki na mimi niko upande wako.

Irudie ile picha, utazame pindo la gauni. Mimi kila nikitafuta linapoishia gauni na linapoanzia dampo, sipaoni.