Kikundi cha wazazi kinamnyima mwalimu usingizi: jibu langu

Mwalimu wa darasa uliyeuliza ufanyeje kikundi cha WhatsApp cha wazazi kinapolia hadi saa tano usiku, pole na kazi. Ule ushauri wa "zima data ukalale" achana nao, nitaeleza kwa nini.

Anza na kikundi chenyewe. Kwenye mipangilio yake ondoa ruhusa ya wanachama kutuma ujumbe, wabaki maadmini tu. Kifungue Jumatatu hadi Ijumaa, saa 11 hadi saa 12 jioni, kisha funga. Ila tangaza kwanza: "Wazazi na walezi, maswali ni saa 11 hadi 12 jioni. Dharura ya mtoto, piga simu, usiandike." Ukifunga kimyakimya, maswali yote yatahamia inboksi, mmoja mmoja, na hiyo ni balaa zaidi.

Inboksi ndiyo yenye kazi. Tafuta laini ya pili, iwekee WhatsApp Business. Inakaa simu ileile na WhatsApp yako ya kawaida. Humo kuna ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe kwa ratiba uliyopanga. Angalia saa hapo: saa 12 jioni kwenye simu ni 18:00. Ukiandika 12:00, umeshawaaga wazazi mchana kweupe. Tena ujumbe huo hautoki kama simu haina intaneti. Ukizima data, mzazi anaona tiki moja, anasubiri, anaanza kupiga. Acha data iwake, nyamazisha milio.

Kwenye Android, washa hali ya usinisumbue na uruhusu namba za nyumbani, mkuu wa shule na mwalimu wa zamu. Ruhusu pia anayerudia: mtu akipiga mara mbili ndani ya dakika 15, ya pili inaita. Wazazi waambie hivyo wazi.

Kinachoharibu yote ni kumjibu mmoja saa nne usiku eti swali lenyewe dogo, "sare ya michezo kesho?" Kesho yake wanajua upo.

Kwa wanafunzi, kazi ya nyumbani itoke kabla ya saa 12 jioni, PDF moja, siyo picha kumi na mbili za ubao zenye ukungu. Mwanafunzi akishapakua, data izimwe, na usiku simu ichajiwe sebuleni. Atasema ndiyo inayomwamsha. Wazazi wamnunulie saa ya kengele.