Unasimamia mradi mkubwa wa data za afya? Anzeni na maana ya maneno

Nimekaa kwenye hii miradi ya pamoja muda wa kutosha, ile yenye hospitali kadhaa na vyuo kadhaa, madaktari huku, watu wa kompyuta na takwimu kule, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia hivi: kabla data haijatoka kituo chochote, kaeni mkubaliane kila neno kwenye hiyo data lina maana gani na nani ana kauli ya mwisho. Seva na programu zitapatikana tu.

Chukua safu moja, "kisukari: ndiyo/hapana". Kituo cha kwanza wanajaza ndiyo kama daktari ameandika hivyo kwenye faili, cha pili wanajaza ndiyo kwa yeyote anayetumia metformin, dawa ya kisukari (na hiyo dawa wanapewa hata baadhi ya wanawake wenye PCOS, tatizo la homoni na ovari, ambao hawana kisukari kabisa), cha tatu wanamuuliza tu mgonjwa mwenyewe. Kila mmoja yuko sawa kwa matumizi yake, ila ukiziunganisha hivyohivyo unapata kundi la wagonjwa ambalo halipo popote, na kompyuta haitakuonya hata kidogo. Vipimo navyo vivyo hivyo, sukari ya damu huku 99 kule 5.5, ni kiwango kilekile, mmoja anatumia mg/dL mwingine mmol/L, unagawanya kwa 18 basi. Hiyo angalau unaiona kwa macho. Lakini tarehe 03/04? Hapo hujui ni Machi au Aprili mpaka umtafute aliyeandika, na mara nyingi alishaondoka.

Halafu Excel jamani. Majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 ukiyaingiza mle yanageuka tarehe, na hili tatizo limesumbua watafiti mpaka kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe, mwongozo wa 2020, sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Wekeni sheria mapema kwamba data ghafi haifunguliwi wala kuseviwa kwenye Excel.

Kwa hiyo andikeni kamusi ya data, yaani orodha ya kila safu na maana yake, na iandikwe na daktari na mprogramu wakiwa wamekaa pamoja, siyo mmoja aandike amtumie mwenzake kwa imeili. Msijibunie misimbo yenu, ya kimataifa ipo tayari, ICD-10 kwa magonjwa, LOINC kwa vipimo vya maabara. Mimi napenda sana utaratibu wa OMOP, muundo wa pamoja wa kupanga data za afya, kila kituo kinapanga data yake kwa umbo moja na inabaki kwao, kinachosafiri ni programu ya uchambuzi na majibu ya jumla tu, maana mabishano ya usiri na kamati za maadili yanapungua sana.

Na tafadhali muajirini msimamizi wa data kabla ya mchambuzi. Kwenye bajeti nyingi huyu mtu anakatwa wa kwanza, inaniuma, kwa sababu yeye ndo anayejua kwa nini kituo fulani kina mapengo mwezi mzima.

Vikao viwe vifupi, maamuzi yaandikwe, basi.

Kuhusu majina kwenye machapisho, ongeeni mkiwa bado marafiki. Ile orodha ya CRediT, ya kuonyesha nani alifanya nini kwenye utafiti, ina majukumu 14, likiwemo la kutunza data, kwa hiyo mtu wa data hana sababu ya kuishia kwenye shukrani. Na nani anatoa data lini pia kiandikwe, watu wa mradi wa jinomu ya binadamu, yaani wa kusoma DNA yote ya mtu, walikubaliana Bermuda 1996 mfuatano wa DNA uwekwe wazi ndani ya saa 24, na kazi yenyewe ilikuwa haijafika popote, walimaliza 2003. Kituo kipya kikija katikati, kisome makubaliano hayo na kusaini kabla hakijatuma faili hata moja.